Mechi Imeuzwa? Pari, Snuka na Mpira wa Goma

Mjini Goma hukumu hutoka kabla ya ripoti ya refa. Timu kubwa ya Ulaya ikifungwa nyumbani na timu ya mkiani, mtu mmoja kwenye chumba cha pari atachana tiketi yake na kutamka neno ambalo wenzake wameshalifikiria: mechi imeuzwa. Kesho yake, kwenye Stade de l'Unité, beki wa timu ya nyumbani akiteleza na mshambuliaji akampita, neno ni hilohilo. Kwenye meza ya biliadi kule Birere, fundi akikosa mpira mweusi ulio mdomoni mwa shimo, ni hilohilo tena.

Neno hilo lina ukweli ndani yake. Mechi huuzwa, na zimeuzwa katika nchi zinazotuzunguka, kwa ushahidi na kwa hukumu zilizotangazwa. Lakini mechi inayouzwa kwa ajili ya pari kwa kawaida ni mechi ndogo, yenye watazamaji wachache na wachezaji wanaodai mishahara. Kijana wa Goma anayepoteza franki zake Jumamosi kwenye Ligi Kuu ya Uingereza hakuibiwa na beki wa London. Pesa yake imekwenda na hesabu iliyomo ndani ya tiketi yake mwenyewe, au na mtu wa WhatsApp aliyemuuzia matokeo ya uhakika. Tukiyaweka yote kwenye kapu moja, tunamkimbiza mwizi asiyekuwepo na kumpisha aliyepo.

Biashara tatu tofauti

Biashara ya kwanza ni ya zamani kuliko kampuni zote za pari, nayo ni kuuza mechi kwa ajili ya pointi. Mfano ulio wazi kabisa katika ukanda wetu ulitokea Tanzania mwanzoni mwa 2016, siku ya mwisho ya kundi C la Ligi Daraja la Kwanza. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ilikuwa moja, na huenda tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7 kwa 0. Timu mbili zilikuwa zikishindana kuhesabu mabao katika viwanja viwili tofauti. Aprili 2016 shirikisho la mpira la Tanzania, TFF, likazishusha daraja zote nne, likawafungia viongozi na wachezaji kadhaa, na Mbao FC ya Mwanza iliyokuwa nyuma ya Geita na Polisi Tabora ndiyo ikapanda. Katika kisa hicho tiketi ya pari haikuhitajika. Tamaa ya kupanda daraja ilitosha.

Biashara ya pili ni kuuza mechi kwa ajili ya pari. Hapa mnunuzi hajali nani anapanda wala nani anashuka. Huenda hajawahi kuuona uwanja wenyewe. Anachonunua ni kujua mapema jambo moja ambalo wengine wote sokoni hawalijui, ili aweke pesa nyingi mahali ambapo hakuna atakayemuuliza. Mtu aliyeifanya kazi hii kwa ujasiri wa ajabu ni Wilson Raj Perumal wa Singapore. Septemba 2010 Bahrain ilicheza na timu iliyovaa jezi za Togo na kuifunga 3 kwa 0, kumbe Togo yenyewe haikujua kwamba ilikuwa na mechi siku hiyo. Wale walikuwa watu waliokusanywa tu. Perumal alikamatwa Finland mwaka 2011, baada ya kuwanunua wachezaji wa klabu ya Rovaniemi, mji wa baridi karibu na Duara la Aktiki ambao hakuna mtu wa Goma angeutaja akitafuta kitovu cha ufisadi wa mpira.

Biashara ya tatu ni ya kumuuzia mchezaji wa pari kitu kisichokuwepo. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na mifuko ya watu wa Goma.

Kwa nini mechi ndogo

Tuanze na bei. Mchezaji wa klabu kubwa ya Uingereza hulipwa kwa wiki kiasi ambacho mnunuzi wa mechi angekuwa mwendawazimu kukizidisha. Mchezaji wa ligi ambayo mshahara wake umechelewa miezi minne ana bei nyingine kabisa. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee, na wanunuzi wa mechi wanaiamini kauli hiyo kuliko mtu yeyote. Kabla ya kupiga simu huuliza klabu gani haijalipa.

Halafu kuna namna ya kuomba. Watu wengi hudhani mchezaji huambiwa ashindwe. Maombi ya kisasa ni laini kuliko hivyo. Chukua mfano wa kubuni, kipa wa daraja la pili anayepigiwa simu na mchezaji wa zamani wa klabu yake.

"Mdogo wangu, kesho mnacheza na wale wakubwa. Wewe mwenyewe unajua mtafungwa."

"Ndiyo, yaya. Wana nguvu."

"Basi mimi sikuombi ufungwe. Mtafungwa tu. Naomba yafike matatu kabla ya dakika ya sabini. Mawili yatakuja yenyewe."

Kwenye mazungumzo hayo hakuna aliyeombwa kuisaliti timu yake, angalau kwa masikio ya kipa. Matokeo ni yaleyale aliyoyatarajia, tena pesa ya kodi ya nyumba inapatikana. Pari nyingi zenye pesa kubwa, hasa katika masoko ya Asia, huwekwa juu ya idadi ya mabao na tofauti ya mabao, tena mechi ikiwa inaendelea. Ndiyo maana timu inaweza kuuza mechi ambayo ingeipoteza hata hivyo, na ndiyo maana mchezaji huingia bila kuhisi kwamba amevuka mpaka. Akishapokea mara ya kwanza, mara ya pili haombwi. Huamriwa, kwa sababu sasa kuna siri yake mikononi mwa mtu mwingine.

Kenya ni mojawapo ya nchi za ukanda wetu ambako mambo haya yamefuatiliwa hadi hukumu. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia miaka 10 George Owino, aliyekuwa beki wa timu ya taifa, kwa kushirikiana na Perumal kupanga matokeo ya mechi za kimataifa kati ya 2009 na 2011, na kumtoza faini ya faranga 15,000 za Uswisi. Februari 2020 ikafuata hukumu ya wachezaji wanne waliohusishwa na mechi za Kakamega Homeboyz za 2019. Watatu walifungiwa miaka minne kila mmoja, na wa nne, raia wa Uganda, akafungiwa maisha. Mwaka 2021 Zoo FC ya Kericho iliondolewa kwenye Ligi Kuu kwa sababu ya upangaji matokeo. Januari 2023 shirikisho la Kenya likawasimamisha wachezaji 14 na makocha wawili kwa tuhuma za aina hiyo.

Ukiziweka tarehe hizo pamoja na hali ya ligi, picha inajitokeza. Agosti 2019 kampuni ya pari iliyokuwa mdhamini mkuu wa ligi ya Kenya ilijitoa baada ya mgogoro wa kodi na leseni. Klabu zikabaki bila fedha. Sony Sugar ikaondolewa kwenye ligi msimu huohuo kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Ligi ilikuwa imejengwa juu ya pesa ya pari, na pesa hiyo ilipoondoka mechi zenyewe zilibaki kwenye orodha za pari za dunia nzima. Wachezaji hawakulipwa, lakini dau liliendelea kuwekwa juu ya migongo yao.

Muungano wa wachezaji duniani, FIFPRO, uliwahoji wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54 kwa ripoti yake ya 2016. Asilimia 41 walisema wamewahi kucheleweshewa mshahara katika misimu miwili iliyotangulia, na karibu asilimia 7 walisema wamewahi kufuatwa ili wapange matokeo. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizohojiwa ambako wachezaji wengi hawakuwa na mkataba ulioandikwa. Mchezaji asiye na mkataba hana mahali pa kudai, na asiye na mahali pa kudai ni rahisi kumshawishi.

Snuka inatufundisha nini

Mtu anaweza kusema kwamba tatizo ni umaskini wa Afrika basi. Snuka inakataa jibu hilo. Huu ni mchezo wa Uingereza na China, wenye kamera juu ya kila meza kubwa, zawadi nono na kitengo maalumu cha kulinda uadilifu. Hata hivyo Juni 2023 wachezaji 10 wa China waliadhibiwa kwa mkupuo mmoja. Liang Wenbo na Li Hang walifungiwa maisha. Yan Bingtao, bingwa wa mashindano ya Masters ya 2021, alipata miaka mitano. Zhao Xintong hakupanga matokeo ya mechi yake yoyote, ila alishiriki katika upangaji wa mwenzake na akaweka dau kwenye mechi. Akapata miezi 20.

Snuka inavutia wapangaji kwa sababu ni mchezo wa mtu mmoja. Kwenye mpira unahitaji kipa, mabeki, pengine na refa. Kwenye snuka unahitaji mkono mmoja. Mpira mweupe ukisimama sentimita mbili pembeni ya mahali ulipotakiwa, pigo linalofuata linakuwa gumu, na hakuna mtazamaji atakayeapa kwamba lilikuwa kusudi. Dau nalo huwekwa juu ya idadi kamili ya fremu, kwamba fulani atashindwa nne kwa moja, ambapo malipo ni makubwa na kazi ni ndogo. Stephen Lee, Mwingereza aliyewahi kuwa wa tano duniani, alifungiwa miaka 12 mwaka 2013 kwa mechi saba za 2008 na 2009. Naye hakuwa mtu wa njaa kama tunavyoijua Goma.

Katika kesi ya Wachina jambo zito lilikuwa uhusiano kati ya wakubwa na wadogo. Liang alikuwa kaka mkubwa, aliyetangulia Uingereza, aliyejua lugha na njia. Vijana waliokuja nyuma yake, mbali na wazazi, walimtegemea. Tume huru iliyosikiliza kesi ilikuta kwamba alitumia vitisho kuwavuta. Shinikizo lilitoka kwa mtu ambaye kwa mila yao, kama ilivyo kwa mila yetu, mdogo hawezi kumkatalia usoni.

Hilo ndilo somo la kwanza kwa mpira wetu. Anayekuja na bahasha mara nyingi ni yaya, kaka mkubwa aliyekununulia viatu vya kwanza, au rais wa klabu, au kocha aliyekulea. Mwaka 2025 nchini Rwanda sauti ya simu ilivuja, kocha msaidizi wa klabu moja akisikika akimshawishi mchezaji wa klabu nyingine, na shirikisho likamfungia. Naye alizungumza kama ndugu na ndugu.

Somo la pili ni kwamba adhabu iliyotangazwa wazi haiui mchezo. Snuka ilitaja majina, mechi, tarehe na miaka ya kila mmoja. Zhao Xintong alitumikia adhabu yake, akarudi, akaanzia chini kwenye mechi za mchujo, na Mei 2025 akawa Mchina wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia, akimfunga Mark Williams fremu 18 kwa 12. Watu walijua alichofanya, walijua alicholipa, na waliweza kumshangilia. Mahali ambapo hukumu hazitangazwi, kila mtu hubaki mtuhumiwa hadi afe.

Goma yenyewe

Sasa tuutazame mji wetu. Daring Club Virunga na Dauphins Noirs zimewahi kucheza Linafoot, ligi ya taifa. Hakuna barabara ya kuitoa timu Goma hadi Kinshasa. Ni ndege, tiketi za watu zaidi ya ishirini, hoteli na chakula. Klabu inayotegemea mfuko wa rais wake mmoja huanza msimu na deni. Wapiganaji wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Wafadhili walitawanyika. Wachezaji waliobaki ni vijana wenye vipaji, wenye familia, wasio na mshahara wa kueleweka.

Wakati huohuo pari haikuhitaji benki. Ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye simu. Airtel Money, M-Pesa na Orange Money, ambazo zilikuwa tegemeo la mji wakati noti zilipoadimika, ndizo njia zilezile za kuweka dau. Mama anapokea dola tano kutoka kwa ndugu aliye Bukavu kwa simu, na mwanawe anaweza kuzipoteza kwa simu hiyohiyo kabla sufuria haijawekwa jikoni. Mwendo mfupi kutoka Petite Barrière, upande wa Rubavu, ziko Etincelles na Marines, klabu mbili zilizozoea ligi kuu ya Rwanda. Mpaka huo unavukwa kila siku na watu kwa maelfu, na mtu anayetafuta wachezaji wa kununua hawezi kukosa njia.

Kwa hiyo mazingira yote yanayotajwa katika kesi za Kenya yapo hapa: mishahara isiyolipwa, mikataba ya mdomo, viongozi wenye nguvu zote, na mechi zinazoingia kwenye tovuti za pari za mbali. Hilo halithibitishi kwamba mechi fulani ya Goma imeuzwa. Linathibitisha kwamba mnunuzi akija, hatakuta mlango umefungwa.

Hesabu iliyomo ndani ya tiketi

Rudi kwa mchezaji wa pari. Odi, au kote kama zinavyoitwa Goma, ni bei, na kama bei yoyote ina faida ya muuzaji ndani yake. Kwa jambo lenye nafasi sawa, kama kurusha sarafu, malipo ya haki yangekuwa mara mbili. Kampuni hulipa, tuseme, 1.90. Mmoja akiweka franki 100 upande huu na mwingine 100 upande ule, kampuni imekusanya 200 na itamlipa mshindi 190. Kumi zinabaki, nani ashinde asishinde.

Sasa tazama tiketi inayopendwa na vijana, ile ndefu. Mechi 12, kila moja odi 1.40, zote timu kubwa, zote za uhakika. Franki 1,000 zinaahidi karibu 56,700. Lakini kama kampuni imejiwekea asilimia 6 tu kwenye kila mechi, asilimia hizo hurundikana mara 12. Nafasi ya mechi zote kuingia inakuwa chini ya moja kwa mia, na kwa wastani katika kila franki 1,000 zinazowekwa hivyo, karibu 500 hubaki kwa kampuni. Ndiyo maana tiketi hufa kila mara kwenye mechi moja tu. Mechi hiyo moja haikuuzwa. Ukichagua mambo 12 yanayoelekea kutokea, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba moja halitatokea, na kampuni inajua hivyo ilipokuruhusu kuyaunganisha.

Hapo ndipo muuzaji wa matokeo anapoingia. Mtu amechoka kupoteza, anaamini mechi huuzwa, basi anatafuta anayejua zipi zimeuzwa. Kwenye WhatsApp na Telegram wapo wengi, na mbinu yao kuu ni rahisi. Muuzaji ana namba 800. Kwa mechi ya kwanza huwatumia 400 ujumbe kwamba mabao yatazidi mawili, na wengine 400 kwamba hayatazidi. Mechi ikiisha, 400 wamepata ujumbe sahihi, bure. Hawa huwagawa tena, 200 kwa 200. Kisha 100 kwa 100. Baada ya mechi tatu kuna watu 100 ambao kwa macho yao wenyewe wamemwona akipatia mara tatu mfululizo bila kukosea. Anawaambia ya nne ni dola 20. Wakilipa wote, ana dola 2,000, na bado watu 50 watapatia na kurudi kumsifu mtaani.

Mwenye akili ajiulize swali moja. Mtu aliyenunua mechi kweli ana sababu gani ya kuiuza kwa dola 20 kwa watu mia? Kila pesa ya ziada inayoingia upande wake hupunguza odi na kuamsha walinzi. Siri ya kweli ya mechi haigawiwi kwenye kundi la WhatsApp.

Mlinzi anamlinda nani

Walinzi wapo, tena wana mitambo. Kampuni kama Sportradar hufuatilia odi za kampuni nyingi kwa wakati mmoja na kulinganisha zinavyotakiwa kusogea na zinavyosogea kweli. Mechi ya daraja la tatu isiyomvutia mtu ikipokea ghafla pesa nyingi upande mmoja dakika ya 60, kengele hulia. Mwaka 2023 Sportradar ilitaja mechi 1,329 za kutiliwa shaka duniani, na mwaka 2024 zikawa 1,108, nyingi zikiwa za mpira wa miguu. Idadi hiyo inatisha mpaka uiweke kando ya mechi zaidi ya 850,000 zilizochunguzwa. Zaidi ya mechi 99 katika kila 100 hazikuonyesha dalili yoyote.

Lakini shaka si ushahidi, na tofauti hiyo ina uzito kwa maisha ya mtu. Lucas Paquetá wa West Ham alishtakiwa Mei 2024 kwamba alitafuta kadi za njano kwa makusudi, kwa sababu dau za ajabu ziliwekwa na watu wa nyumbani kwao Brazil. Julai 2025 tume huru ilimwondolea mashtaka hayo, ikimkuta tu na kosa la kutoshirikiana ipasavyo na wachunguzi. Alikuwa na mawakili, muda na pesa za kupigana kwa zaidi ya mwaka. Mchezaji wa Goma akitajwa hivyo redioni Jumatatu, jioni hiyohiyo jina lake limekwisha.

Kuna jambo jingine lisilosemwa mara nyingi. Kampuni zilezile zinazouza kengele ndizo zinazouza takwimu za moja kwa moja kwa kampuni za pari. Mtu aliyeketi pembeni ya uwanja mdogo na simu, akituma kila kona na kila kadi, ndiye anayewezesha mechi hiyo kuwekewa dau Asia na Ulaya. Bila yeye mpangaji hana soko. Mlinzi anapata pesa ya kuufungua mlango, kisha anapata nyingine ya kuulinda. Kengele ikilia, anayeokolewa kwanza ni kampuni ya pari, ambayo huondoa odi zake. Kijana aliyekwisha kuweka franki zake hapigiwi simu.

Nini kinawezekana

Kanuni za FIFA hutaka mpangaji wa matokeo afungiwe miaka isiyopungua mitano na atozwe faini isiyopungua faranga 100,000 za Uswisi. Mchezaji aliyefuatwa na akanyamaza naye ana kosa. Kwenye karatasi ni kali. Kwa kipa wa Goma ambaye hajalipwa tangu mwanzo wa msimu, faini hiyo ni kama kumdai mwezi, na wajibu wa kuripoti hauna maana kama mtu wa kuripotiwa ndiye aliyempigia simu.

Watasema tusubiri vita viishe, tusubiri Kinshasa, tusubiri serikali ijulikane ni ipi. Ni kweli kwamba FIFA inaitambua FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, peke yake, na kwamba sheria ya pari si kazi ya chama cha mpira. Lakini mambo mengi yanayohitajika hayahitaji waziri. Lifnoki, yaani ligi ya mpira ya Kivu Kaskazini, na entente, chama cha mpira cha mji, ndizo zinazosajili wachezaji na kupanga mechi. Zinaweza kukataa kusajili klabu isiyowasilisha mkataba ulioandikwa wa kila mchezaji, hata kama mkataba huo unasema posho ni dola 10 kwa mechi. Zinaweza kukataa kuipangia mechi klabu inayodaiwa na wachezaji wa msimu uliopita. Kiasi kidogo kinacholipwa kwa wakati humpa mchezaji sababu ya kusema hapana.

Zinaweza pia kumteua mtu mmoja wa kupigiwa simu, asiye kiongozi wa klabu yoyote: hakimu mstaafu, padri, mwalimu wa kike anayeheshimiwa mtaani. Kazi yake iwe kupokea taarifa, kuandika tarehe, saa na maneno, na kumhakikishia kijana kwamba aliyeripoti kabla ya mechi hataadhibiwa. Snuka iliwaumiza vijana wake kwa sababu walimwogopa mkubwa wao na hawakuona mlango mwingine.

Hukumu nazo zitolewe kwa maandishi, zibandikwe, zisomwe redioni, zikitaja kosa na adhabu, na zikitaja pia aliyeonekana hana hatia. TFF iliamua kesi ya kundi C ndani ya wiki chache. Haikumridhisha kila mtu, lakini Mbao ilipanda, na kila klabu Tanzania ilielewa kwamba mabao manane siku ya mwisho yataulizwa maswali.

Na mchezaji wa pari? Yeye hana chama, wala muungano, wala msemaji. Vyumba vya pari vilazimishwe na wenye mji, wawe nani, kubandika ukutani kwa maandishi makubwa ni kiasi gani hubaki kwa kampuni kwenye tiketi ya mechi moja, ya mechi tano na ya mechi kumi na mbili, kuwakataa watoto, na kueleza malalamiko yanapelekwa wapi malipo yanapokwama. Bango hilo halitamzuia kila mtu. Litamfanya kijana anayechana tiketi yake ajue pesa yake imekwenda wapi, na siku atakaposema mechi imeuzwa awe na klabu ya kuitaja, mtu wa kumripotia na hukumu ya kudai.